Nilivyochagua mikahawa ya kumpeleka rafiki yangu kutoka ng'ambo

Rafiki yangu aliponiambia kuwa tiketi ameshakata, kila niliyemgusia habari hiyo alinitajia mkahawa. Huyu anasema mpeleke penye mandhari, yule anasema asipofika mahali fulani atakuwa hajafika kabisa. Niliwasikiliza wote, nikayaweka majina pembeni. Nilitaka kumjua mlaji kwanza, kisha ndipo nitafute mahali pa kumlisha. Tulijuana kwa miaka, lakini zaidi kwa simu, na mtu unaweza kuzijua siri zake zote usilijue tumbo lake.

Nikamwandikia. Sikumuuliza anapenda chakula gani, kwa sababu swali hilo mgeni hulijibu kwa adabu: nakula chochote. Nilimuuliza ni kitu gani hakigusi kabisa, na kwa nini. Nikamuuliza akichoka sana hutamani kula nini, mlo wake wa kwanza huwa saa ngapi, na pilipili anaiweza kwa kiasi gani. Jibu la swali la kwanza ndilo lililoamua karibu kila kilichofuata. Ana mzio wa karanga, ule wa hatari, na husafiri na sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, mkobani.

Anaishi Ulaya. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika Desemba 2014 inamtaka muuza chakula amjulishe mteja kama ndani yake kuna chochote kati ya viambato 14 vinavyojulikana kuleta mzio, karanga ikiwamo, na mkahawa haukusamehewa. Mtu aliyezoea ulinzi huo huiamini menyu. Akifika penye menyu isiyotaja lolote, ni rahisi aone kuwa kimya kile ni usalama. Kazi ya kuuliza ikawa yangu, na niliamua kuifanya kabla hajafika, badala ya kungoja hadi awe ameketi mezani na njaa yake.

Nikaanza kuzunguka. Kila mahali nilikwenda saa ile ile niliyokusudia kumpeleka, maana mkahawa wa mchana na wa usiku unaweza kuwa chini ya paa moja na bado ukawa mikahawa miwili: wapishi wamebadilishana zamu, na kilichopikwa mchana bado kipo jikoni. Nilitazama kama sahani zinatoka zikifuka mvuke au chakula kimekaa vuguvugu kikisubiri wa kukila. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kupakuliwa kiwe juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Sikubeba kipimajoto; nilionja. Penye wateja wengi nilipaamini kuliko penye viti vizuri, kwa kuwa penye wateja chungu kinaisha na kingine kinabandikwa.

Kisha likaja suala la karanga, na hapo ndipo orodha yangu ilipopungua kweli kweli. Mhudumu aliyenijibu papo hapo kwamba hakuna shida, nilimshukuru na kuliondoa jina la mkahawa wake. Hajui kilichomo jikoni, na bila kukusudia anaweza kumuumiza mtu. Niliyemtafuta ni yule anayesema, "Subiri kidogo nikaulize." Kwa huyo niliendelea: mafuta ya kukaangia ni ya nini, na je, yamekwisha kukaangiwa kitu chenye karanga? Mchuzi unafanywa mzito kwa nini? Kinu au mashine ya kusagia ni moja kwa vyote? Vitamutamu vinaandaliwa meza ipi?

Mahali pamoja mpishi mwenyewe alitoka akijifuta mikono. Akanitajia vyakula viwili ambavyo hawezi kuniahidi, kwa sababu rojo lake linasagwa kwenye mashine ileile ya karanga. Vingine, akasema, atavipika kwenye sufuria safi, mradi nimwambie mapema na nisije wakati jiko limezidiwa. Mkahawa wenyewe haukuwa na pambo ukutani wala jina lake halikutajwa na yeyote kati ya walionishauri. Nikauweka wa kwanza. Naamini kwa dhati kwamba mpishi anayekwambia asichoweza ndiye wa kukabidhiwa mgeni wako, na imani hiyo siibadilishi kwa mandhari yoyote.

Nilimwandalia pia kadi ndogo kwa lugha ya wapishi: sili karanga, wala mafuta yake, wala mchuzi wake, hata kidogo inaweza kuniua. Niliandika neno hilo bila kulilainisha, kwa sababu anayesoma kwamba mteja "hapendi" karanga ataziokota juu ya sahani na kuileta mezani.

Siku ya kwanza hatukwenda popote pa sifa. Anayevuka majira mengi ya saa mwili wake hubaki nyuma, na kuzoea huchukua takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti. Tumbo nalo limo. Nilichagua mahali pa karibu na anapolala, chakula chepesi, akiamua kulala tuondoke. Mikahawa ya milo mizito niliisogeza mbele, na ile ya usiku sana ikawa ya mwisho kabisa.

Pilipili niliomba iletwe pembeni kila mara, nikahakikisha pana maziwa au mtindi. Kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki majini, kwa hiyo glasi ya maji haisaidii sana, lakini protini ya maziwa hukiondoa ulimini. Wapo wanaofurahia kumwona mgeni akitokwa machozi. Mimi sioni raha yake. Kula si mtihani. Wala sikubaliani na wanaompeleka mgeni hotelini kula vile vile alivyoviacha kwao. Amesafiri mbali, anastahili kuonja mahali alipofika, ila kwa mwendo wake.

Jambo ambalo sikusikia likishauriwa na yeyote ni kelele. Lugha tunayozungumza si lugha yake ya kwanza, na kelele humsumbua zaidi anayesikiliza lugha aliyojifunza ukubwani. Mahali pawili pazuri kwa chakula nilipaacha kwa sababu ya spika. Kwingine niliomba meza ya kona, mbali na mlango wa jikoni. Alikuwa amekuja kuzungumza nami, na nilitaka mazungumzo yawezekane bila kupiga kelele.

Habari ya malipo tuliimaliza mapema: milo ya mwanzo yangu, mmoja wake, mingine tunagawana. Nilikuwa nimeuliza pia ni wapi hawapokei kadi ya benki, ili asije akasimama mbele ya keshia akipekua mkoba.

Usiku wa kuamkia safari yake nilikataa kumpeleka mahali papya, ingawa alibaki na hamu. Maradhi ya chakula mengine hujitokeza baada ya saa chache, mengine baada ya siku moja au zaidi, na kuugua ndani ya ndege si jambo la kumtakia mtu. Tulirudi kwa yule mpishi wa sufuria safi. Safari hii nilinyamaza. Rafiki yangu aliitoa kadi mwenyewe, akauliza habari ya mashine, akasubiri mhudumu aende jikoni na kurudi, ndipo akaagiza.