Nilivyojifunza kumwangusha adui kwa wakati wake

Mpiganaji wangu katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, alikuwa na tabia moja: zamu yake ikifika, anamsukuma adui aliye karibu hadi chini. Niliipenda mbinu hiyo kuliko kupiga kwa upanga. Adui akilala niliona nusu ya kazi imekwisha, na sikuwahi kujiuliza nani anacheza baada yangu.

Tukakutana na zimwi kwenye daraja. Mpangilio wa zamu ulikuwa hivi: mimi, mpiga mishale wetu, halafu zimwi. Nikalisukuma, likaanguka. Mwenzangu, aliyekuwa futi 60 nyuma, akarusha dadu mbili: moja ikaonyesha 19, nyingine 4. Ikabidi achukue ile 4, akakosa. Zamu ya zimwi ilipofika, likainuka, likasogea, likampiga rungu mganga wetu hadi akazirai. Mpiga mishale akanigeukia: "Kaka, ungeliacha limesimama ningelipata." Alikuwa na haki.

Usiku ule nilisoma upya kanuni ya kulala chini, neno kwa neno, katika toleo la tano la mwaka 2014 tunalolitumia. Aliyeanguka hushambulia kwa shida: hurusha dadu mbili za pande 20, akachukua ndogo. Anayemshambulia akiwa ndani ya futi 5 hurusha mbili na kuchukua kubwa. Lakini anayemshambulia kutoka mbali zaidi ya hapo huchukua ndogo, kwa sababu mtu aliyelala ni shabaha finyu kwa mshale. Hapo ndipo nilipokuwa nikimuumiza mwenzangu. Kuinuka nako ni rahisi: kunagharimu nusu ya mwendo tu. Zimwi lina mwendo wa futi 40 kwa zamu, kwa hiyo lilitoa 20, likabaki na 20 za kumfikia mganga, na kitendo chake cha kushambulia hakikupungua hata kidogo. Msukumo wangu haukulinyima chochote cha maana.

(Rafiki yetu mmoja aliyezoea toleo la 3.5 alishikilia kwamba anayeinuka hupigwa bure na walio karibu naye. Katika toleo lile ni kweli. Katika la tano sivyo, na tulibishana sana kabla ya kukubaliana.)

Tangu hapo, kabla ya kusukuma, natazama orodha ya zamu. Kati ya zamu yangu na ya adui kuna wenzangu wangapi wenye silaha za mkononi walio karibu naye? Wakiwa wawili, namwangusha bila kusita. Akiwepo mpiga mishale peke yake, napiga upanga wangu na kumwachia lengo lililosimama.

Kilichonisaidia zaidi ni kukaba. Aliyekabwa mwendo wake huwa sifuri, na mwenye mwendo sifuri hawezi kuinuka, kwa sababu hana nusu ya kutoa. Mpiganaji wangu alipofika ngazi ya 5 akapata mashambulizi mawili kwa zamu, nikaanza kuyagawa: la kwanza namkaba, la pili nampiga mweleka. Akitaka kusimama, lazima kwanza ajinasue, na kwa kawaida hilo humla kitendo chake chote. Ila gharama ipo. Kukaba kunahitaji mkono mtupu, nami nilizoea ngao. Nilipoiweka kando, kinga yangu ilishuka kwa 2, na mapambano mawili ya kwanza nilipigwa sana. Pia huwezi kumkaba wala kumsukuma aliyekuzidi umbo kwa zaidi ya daraja moja, kwa hiyo majoka makubwa nayaacha kabisa.

Mpiga mishale naye aligundua kitu katika kanuni hiyohiyo. Kujilaza hakugharimu mwendo. Basi anaanza zamu kwa kuinuka, akitoa futi 15 kati ya 30 zake, anafyatua, kisha anajilaza tena. Wapiga mishale wa upande wa pili wanabaki kumlenga kwa shida. Akitaka kusogea akiwa chini hutambaa, na kila futi hulipwa mara mbili, yaani futi 15 kwa zamu. Ni sawasawa na zile ambazo angebaki nazo akiinuka kwanza.

Miezi michache baadaye tulikutana na zimwi jingine, safari hii likiwa na wapiga upinde wanne mlimani. Nilikuwa wa kwanza. Nikalikaba, nikalibwaga, nikabaki nimelishikilia. Wenzangu wawili wenye shoka wakalizunguka, wakirusha dadu mbili kila pigo. Zamu yake ilipofika likajaribu kujinasua, likashindwa, na zamu yake ikaishia hapo likiwa bado chini. Mpiga mishale wetu hakuligusa hata mara moja. Alikuwa kando, anainuka, anafyatua mlimani, analala.