Mbona haijaganda?

Jumamosi, usiku mwingi. Tanga.

Mpwa wangu amefika jioni kutoka bweni, likizo imeanza. "Shikamoo mjomba," halafu begi bado liko begani: "Ile mashine ya zamani bado unayo? Nataka tuiovakloki." Nikaitikia marahaba, nikamwambia aoge, ale kwanza. Nilikuwa nahitaji muda wa kufikiri. Swali lake mimi nililijibu peke yangu miaka kadhaa iliyopita, na nililijibu vibaya.

Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ikimbie kupita mwendo ilioandikiwa kiwandani. Mashine yenyewe ina Intel Core i5-2500K, prosesa iliyoingia sokoni Januari 2011. Ile herufi K ya mwisho ndiyo ruhusa: kizidisho hakijafungwa, unaweza kukibadili. Saa ya msingi, yaani mapigo yanayoongoza kazi ya prosesa, ni megahezi 100, ukiizidisha kwa 33 unapata gigahezi 3.3, ukiweka 45 unapata 4.5. Ni kuingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka, kubadili tarakimu mbili na kuwasha upya. Kabla ya hapo watu walipitia njia nyingine. Prosesa ya Celeron 300A ya mwaka 1998 kizidisho chake kilifungwa kwenye 4.5, kwa hiyo walipandisha saa ya ubao mama kutoka megahezi 66 hadi 100, na prosesa ya bei nafuu ya 300 ikakimbia kwa 450. Hadithi hiyo ndiyo iliyonitia hamu.

Niliinunua mashine mtumba, na kazi yangu wakati ule ilikuwa kuhariri video za harusi. Kurenda, yaani kuiachia kompyuta itengeneze video kamili, sendofu moja kulichukua saa 3. Nilikuwa na sababu ya haki ya kutaka kasi, na bado nasema hivyo. Nilichokosea ni namna. Usiku mmoja niliweka kizidisho 45, nikapandisha volteji kutoka 1.2 hadi 1.35, na papo hapo nikaiwashia RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile profaili ya XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani yake, ili itoke kasi ya 1333 iende 1866. Wengi hatujui kwamba XMP nayo ni kuovakloki. Prosesa hii iliahidiwa kufanya kazi na RAM ya 1333, zaidi ya hapo unakwenda kwa bahati yako.

Mashine ikawaka. Nikaijaribu dakika 20, haikuganda, nikalala nimefurahi. Kurenda kukashuka hadi saa 2 na dakika 20 hivi, na wiki tatu zikapita salama.

Kisha mteja akapiga simu. Kwenye video ya binti yake, dakika ya 41, mama anapoinua mikono kumwombea dua mwanawe, picha inavunjika vipande vya kijani na sauti inakatika. Nikarudi kwenye faili la asili nililonakili kutoka kwenye kadi ya kamera. Nalo lilikuwa limeharibika mahali palepale. Kadi nilikuwa nimeshaifuta kwa kazi iliyofuata. Yule mama hakunigombeza, aliuliza tu kama hakuna namna. Nikamjibu hakuna. Sauti yake ninaikumbuka mpaka leo.

Kwa nini ilitokea, sehemu yake naweza kuieleza. Prosesa ikikimbizwa, kila hesabu hupewa muda mfupi zaidi wa kukamilika. Muda ukipungua kupita kiasi, 0 inasomwa kuwa 1, na mashine inaendelea kana kwamba hakuna kitu. RAM ni hivyohivyo. Lakini ilikuwa prosesa au RAM? Nilibadilisha vyote usiku mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunijibu.

Watu wakizungumzia hatari ya kuovakloki hutaja kuungua. Prosesa za leo zina kinga: hii ya kwangu ikikaribia digrii 98 hujipunguzia mwendo yenyewe. Joto lipo kweli, na hesabu yake haina huruma. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, ila volteji huingia kwa kipeo cha pili. Viini vyote vinne, sehemu zake zinazofanya hesabu, vikifanya kazi, prosesa hii hujiongezea kidogo yenyewe, ikakaa gigahezi 3.4. Kuipeleka 4.5 kwa volteji 1.35 ni kuongeza kasi theluthi moja na joto theluthi mbili. Kipoza nacho hakiwezi kushuka chini ya hewa ya chumba. Ninayesoma maelezo ya mtu wa nchi ya baridi mwenye chumba cha digrii 21, huku changu kaskazi likivuma kina 31, lazima nijumlishe 10 kwenye kila namba yake. Tena kuna uchakavu wa polepole: volteji na joto vikizidi, mkondo husukuma taratibu atomi za nyaya nyembamba ndani ya chipu, na mwendo uliokuwa salama mwaka huu mwakani haushikiki tena.

Yote hayo naweza kuyavumilia, kwa sababu yanaonekana kwenye kipimajoto au kwenye yuniti za LUKU. Kosa la kimyakimya ndilo linaloniogopesha.

Baada ya kula nikamwambia nakubali. Kazi za watu sasa ziko kwenye mashine nyingine, nayo siigusi. Hii ya zamani haina faili la mtu, dhamana yake iliisha siku nyingi, na ikifa tutaumia sisi wawili tu. Nikamwekea sharti moja: kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila hatua iandikwe. Akatoa daftari.

Tumefungua kasha, tumepuliza vumbi, tumebadilisha ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na kipoza. RAM tumeiacha 1333. Saa 4 usiku, hewa imepoa kidogo na pangaboi liko namba 5, tukaanza: kizidisho 38, 40, 42, volteji ileile 1.2. Kila hatua tunaendesha Prime95, programu iliyotungwa kutafuta namba tasa kubwa. Naipenda kwa sababu majibu ya hesabu zake za majaribio yanajulikana tangu mwanzo, hivyo prosesa ikikosea hata tarakimu moja inakamatwa. Kwenye 42 joto lilisimama digrii 74. Mpwa akaanza kusinzia kitini, ameridhika, anataka tupande 45.

Saa 7 na nusu kiini cha tatu kikasimama. Mstari mmoja tu kwenye dirisha dogo: hesabu haikulingana na iliyotarajiwa. Viini vingine vinaendelea, kishale kinatembea, wimbo aliouweka unaendelea kupiga.

Akasogea akausoma mara mbili. "Lakini mjomba, mbona haijaganda?"

Nikamsimulia habari ya dakika ya 41. Alikaa kimya, kisha akakata ile 42 kwenye daftari, akaandika 41 chini yake na saa pembeni. Ndiyo inayozunguka sasa hivi ninapoandika. Amesema nisizime taa, anataka kuiangalia mpaka asubuhi.