Kifumbu cha Virgil: kupima shamba kwa ushairi wa Kirumi

Washairi wa Roma hunukuliwa zaidi kwa mapenzi na vita. Mimi naona hekima yao iliyodumu kuliko zote imo kwenye beti zinazomwambia mtu ashike jembe. Virgil, mmoja wao, alikamilisha Georgics, shairi refu la kilimo, karibu mwaka 29 KK: vitabu vinne, mishororo zaidi ya 2,000, juu ya nafaka, miti na mizabibu, mifugo, kisha nyuki. Vina havimo. Mshororo unashikwa na mpangilio wa silabi ndefu na fupi, kati ya 12 na 17, kwa hiyo sikio lililolelewa na mizani 16 za Muyaka, mshairi wa Mombasa, halitapotea sana.

Vipimo vya udongo vimo kitabu cha pili, na mwenye kiwanja Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, anaweza kuvifanya leo. Chimba shimo refu pahali pagumu, urudishe udongo wote, uukanyage. Ukipungua shimoni, ni mwepesi: Virgil anaupa malisho na mizabibu, kwetu huo ni wa mhogo na minazi. Ukibaki mwingine juu, ni mzito, wa nafaka, na kuulima kwataka nguvu. Usipime mvua ikiwa imetoka kunyesha, maana udongo tifutifu uliolowa hushindiliwa ukajidai mwepesi kupita kiasi.

Kipimo cha chumvi ndicho kitamu zaidi. Anamwamuru mkulima ashushe vikapu na vichujio vya zabibu kutoka darini penye moshi. Sisi tuna kifumbu, kile kikapu cha kukamulia tui la nazi. Kijaze udongo, mwagia maji matamu, kamua, uonje matone kwa ncha ya ulimi kisha uteme: wenye chumvi hujitangaza, anasema, na uchungu wake hukunja mdomo. Watu hukosea kwenye maji. Visima vingi vya hapa vina chumvi vyenyewe, ukivitumia utausingizia udongo. Chukua maji ya mvua. Karibu na shimo la choo au jaa la taka, usionje kabisa. Na kifumbu hicho kisirudi jikoni.

Ulimi, hata hivyo, hautambui chokaa, nayo imejaa kwenye udongo wetu wa matumbawe. Dondoshea siki: ukitoa povu, chokaa ipo. Hapo shauri jingine la Virgil, la kumwaga jivu kwenye shamba lililochoka, liache. Jivu huongeza tatizo lile lile, mmea unakosa madini ya chuma, majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Samadi, ambayo pia anaisifu, ndiyo ya kushika.

Kuhusu mbegu anasema hata zilizochaguliwa vizuri huchakaa, mtu asipookota kubwa kubwa kwa mkono kila mwaka. Ni kama mpiga kasia anayepanda mto, akilegeza mikono maji yanamrudisha. Kwa kunde fanya hivyo, ila chagua kutoka mashina yenye afya, si kwa ukubwa wa punje peke yake. Mahindi chotara ya dukani usijisumbue, kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza.

Kitabu cha nyuki kisome kwa utamu. Humo anadai nyuki huzaliwa kwenye mzoga wa ng'ombe, na anayeongoza mzinga ni mfalme. Yote mawili si kweli.