Siku moja kwenye kliniki ya watoto wanaohofiwa kufanyiwa ukatili wa kingono

Saa 1:30 asubuhi. Swali langu la kwanza kwa muuguzi wa zamu: tukio linalohofiwa lilitokea lini? Dawa za kuzuia VVU, yaani PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri mapema ndivyo bora, kisha zinywewe kwa siku 28. Mtoto aliyeletwa usiku anatangulia wote, hata wenye miadi.

Saa 2. Naongea na mama faraghani. Mtoto simhoji kuhusu tukio. Yupo mhojaji aliyesomea hilo, na kuulizwa kila mlango huvuruga maelezo yake. Mimi nataka ya kitabibu: maumivu, uchafu unaotoka sehemu za siri, chanjo ya homa ya ini B.

Saa 3. Uchunguzi. "Ukisema basi, naacha," namwambia, na akisema kweli naacha. Kwa mtoto ambaye hajabalehe hatuingizi kifaa chochote ndani. Natazama kwa nje. Mkojo unapimwa kisonono na klamidia, magonjwa ya zinaa; damu inapimwa VVU, kaswende na homa ya ini. Kila chupa ina saa na saini ya aliyeipokea, maana huenda ikafika mahakamani.

"Daktari, kwa hiyo hajafanywa kitu?"

"Mama, sijaona jeraha. Lakini watoto wengi waliofanyiwa ukatili hukutwa hivi hivi."

Sentensi hiyo naiandika pia kwenye ripoti, kwa herufi zinazosomeka. Wapo wanaosoma "hakuna jeraha" wakafunga jalada.

Saa 5. Maabara wanapiga: mkojo wa mtoto mwingine una kisonono. Kwa mtu mzima ningetibu papo hapo. Kwa huyu, ambaye hajabalehe, nachukua kwanza sampuli za kuthibitisha kwa kipimo tofauti, ndipo naanza dawa. Ustawi wa jamii nawaarifu leo leo. Kisonono kwa mtoto aliyekwishavuka uchanga ni ishara nzito sana. Sunzua, yaani vinyama, za sehemu za siri ni habari nyingine: mtoto mdogo anaweza kuwa alizipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole haraka.

Saa 8. Makaratasi.

Saa 9. Marudio. Maambukizi mapya huweza kujificha, ndiyo maana nawaita tena baada ya wiki 2, na damu hurudiwa kwenye wiki ya 6 na mwezi wa 3. Wengi hawarudi. Nauli, aibu, au mtuhumiwa ndiye mwenye kulisha nyumba.

Saa 12 jioni. Mama wa asubuhi anapiga: mtoto ametapika dawa za PEP mara tu baada ya kumeza. Namwambia arudie dozi, na kesho waje mapema.