Mchango wa Mwombaji kwa Asilimia

Binti yangu wa pili ameandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Juzi kabla hajameza akageuza boksi, akasoma, halafu akauliza: "Mama, chuma kinatoka wapi?" Nikamjibu haraka haraka: Liganga, huko Ludewa, kachukue maji umeze. Si jibu baya, mwalimu wake wa jiografia angempa vema. Ila usiku usingizi ukanipaa, kwa sababu jibu jingine ninalo, na aliyenipa alinipa bure nikiwa kwenye kiti kibovu cha steshenari pale Mwenge.

Mnaonisoma siku nyingi mnaijua ile steshenari, kwa hiyo sirudii habari zake na za tajiri aliyeniajiri pale. Ilikuwa 2009, mwaka ule mkonga wa baharini ulipofika Dar tukaambiwa intaneti sasa itakimbia. Kazi yangu kuchapa: barua za kuomba kazi, kadi za kipaimara, tasnifu za wanachuo wa Mlimani wanaokuja siku ya mwisho jasho likiwatoka. Dokta, mwalimu wa chuo na si wa hospitali, aliingia mchana wa jua kali, kashika mfuko wa rambo. Ndani mna karatasi alizoandika kwa mkono, nyuma ya mitihani ya zamani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti. Namba ndogo za juu unajua kuzichapa?"

Najua. Ctrl, Shift na alama ya kujumlisha, kwa pamoja. Nilipomtolea 56 ndogo juu ya Ni, alama ya nikeli, akavuta kiti akakaa. Inaonekana kwingine alikopita walimwandikia 56Ni kama namba ya gari.

Ilikuwa orodha ya machapisho yake yote, anaomba kupandishwa cheo. Nilitegemea malaria, au korosho, au maji ya visima. Karibu yote yalihusu chuma na majirani zake wawili, kobalti na nikeli, vikiwa ndani ya nyota iliyolipuka. Fe II, Fe III, Co III, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamuuliza Fe II ndiyo toleo la pili la Fe I? Hakunicheka. Fe I, akasema, ni atomu ya chuma nzima na elektroni zake zote 26. Fe II imeshapoteza moja, Fe III mbili. "Ukiona namba, toa moja."

Umeme ukakatika, kama ilivyo ada. UPS ikaanza kulia, nikahifadhi kazi, nikazima. Tajiri akatuma kijana petroli ya jenereta, na kijana yule akitumwa petroli hupitia kwao kula kwanza. Ndipo Dokta akasimulia.

Februari 1987 nyota moja ililipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miaka-nuru zaidi ya 160,000. Ilionekana kwa macho matupu, tena upande wa kusini wa anga. Wazungu wa Ulaya, pamoja na darubini zao zote, hawakuweza kuiona kutoka kwao. Sisi wa Dar ilikuwa yetu, chini chini kule kusini.

"Kwa hiyo Mwalimu uliiona?"

"Wapi! Ilikuja kung'aa sana mwezi wa tano. Masika. Mawingu mpaka magotini. Habari zake nilikuja kuzisoma maktaba, kwenye jarida lililochelewa."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Mtu orodha nzima kaijenga juu ya nyota asiyoiona! Naye akacheka, bila kinyongo.

Akaendelea. Kilichofanya nyota ile iendelee kung'aa miezi yote hiyo ni ile nikeli ya namba ndogo ya juu. Nikeli 56 haidumu: nusu yake hugeuka kobalti ndani ya siku 6 hivi, na nusu ya kobalti hugeuka chuma ndani ya siku 77 hivi. Kila inapogeuka inatoa nishati, nishati inayapasha mabaki, mabaki yanang'aa. Nikeli iliyotengenezwa ilikuwa kama asilimia 7 ya uzito wa Jua, ambazo ni Dunia zaidi ya 20,000. Zote mwisho wake chuma. Akanyosha kidole ng'ambo ya barabara walikokuwa wanamwaga zege. Chuma cha nondo zile, akasema, na cha damu yako wewe, kilipikwa hivyo hivyo, ila na nyota nyingine zilizotangulia kabla Jua halijakuwapo.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nadhani alilingoja tangu aingie. Walijuaje kuna chuma kiasi gani, wakati nyota yenyewe haifikiki?

Walipima mwanga. Wamarekani walikuwa na darubini iliyobebwa na ndege, ikipaa juu ya mvuke wa maji unaozuia mionzi ya infraredi, na mistari ya chuma, alama ambazo chuma huziacha kwenye mwanga, ikaonekana. Lakini ukali wa mstari haukupi uzito hivi hivi. Lazima ujue elektroni ikiigonga ayoni ya chuma, yaani atomu iliyopoteza elektroni, inaitikisa kwa kiasi gani, na ayoni ikishatikiswa inachukua muda gani kuutoa mwanga wake. Namba hizo huzipati kwa kuangalia juu. Mtu anakaa chini anazikokotoa, mpito mmoja baada ya mwingine, mpito ukiwa ni ayoni kuhama ngazi moja ya nishati kwenda nyingine, na chuma kina mipito maelfu. Upo mradi wa kimataifa uliopewa jina la Chuma, machapisho yake yalianza kutoka 1993, kazi yake ni hiyo tu. Na yeye kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Jenereta likawaka. Tukafika kwenye fomu ya mwajiri wake.

Fomu ilikuwa na safu ya mwisho kulia kabisa: mchango wa mwombaji kwa asilimia. Ya mwanzo yalienda upesi. Peke yake, 100. Na aliyemsimamia, 50. Wawili na yeye kinara, 60. Kisha likaja moja lenye waandishi wengi hata majina yakajaza mistari mitano ya kioo. Tajiri alikuwa nyuma yetu anatafuna karanga, akauliza kama hiyo ni kamati ya harusi. Dokta hakumjibu. Jina lake lilikuwa katikati, pale ambapo jicho halitui.

"Andika 2."

Nikaandika 2.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. "Futa. Weka 5."

Nikafuta, nikaweka 5. Akaitazama ile 5 kama mtu anayetazama chenji iliyozidi.

"Rudisha 2."

Kazi ya kuchapa inakufunza kunyamaza, lakini siku ile nilishindwa. "Mwalimu, kwani hapa wewe ulifanya nini?"

"Jedwali. Wao walikuwa na mwanga, mimi nikawapa jedwali la migongano."

"Lisingekuwapo?"

"Wasingejua chuma ni kiasi gani."

"Sasa si uandike 100?"

Akageuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na aliyeupima mwanga? Na aliyeandika programu? Yeyote utakayemtoa hapo, hakibaki kitu. Tukisema ukweli wote, jumla inafika elfu mbili." Akagonga karatasi kwa kucha. "Fomu inataka mia."

Sikuwa na la kusema. Kwa jirani walikuwa wanakaanga chipsi, mafuta yanachachatika. Akasogeza uso karibu na kioo, akakagua safu ile yote kutoka juu hadi chini, midomo ikicheza, na mimi vidole nimeviacha juu ya kibodi nikingoja neno. Halikuja. 2 ikabaki.

Tukatoa nakala, tukabaindi, tajiri akamtoza nyongeza kwa sababu ya zile namba za juu, akalipa. Haukupita muda mrefu akarudi. Ofisi ilikuwa imetaka barua kutoka kwa kila mwandishi mwenza kuthibitisha asilimia, ziwe na saini na mhuri. Nikamchapia za Ujerumani, za Marekani, za Chile. Mmoja wa wale waandishi alikuwa ameshafariki. Tajiri akashauri iambatanishwe cheti cha kifo, na sidhani kama alikuwa anatania. Baada ya hapo nikapata kazi mjini nikaondoka Mwenge. Cheo kama alipata au hakupata, sikuwahi kusikia.

Usiku ule wa vidonge nilimtafuta kwenye ADS, hazina ya NASA ya machapisho ya mambo ya anga. Yupo. Lile la kamati ya harusi linatajwa sana, kama ilivyotarajiwa. Lakini jedwali lenyewe, alilolichapisha kwanza akiwa na mwenzake mmoja, nalo bado linatajwa, na watu ambao nadhani hata hawajui Mwenge iko wapi. Kwenye fomu hilo liliingia kama 50. Ningetegemea nifurahi zaidi ya nilivyofurahi. Labda nilitaka mahali fulani paandikwe kwamba alikuwa sahihi, na mahali pa namna hiyo hapapo, au papo sijui pa kubonyeza.

Kwetu ofisini nako siku hizi tunajaza asilimia. Kuna ripoti tuliyoandika watu watatu. Mimi nilijipa 40, mwenzangu 50, na wa tatu, ambaye ndiye aliyezunguka mitaani kukusanya takwimu, naye 40. Afisa utumishi ameturudishia tukapange upya ifike mia. Kikao ni Jumatatu, na nimeambiwa niende na hoja.