Siku ya tisa baada ya upasuaji

Leo ni siku ya tisa. Mshono umekauka, uvimbe umepungua kiasi cha kuniwezesha kuvaa suruali badala ya kikoi, na nyuzi, ambazo daktari alisema zitayeyuka zenyewe, zimeanza kudondoka vipande vipande. Nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya binamu yangu, South B jijini Nairobi, juu ya mto wa sponji ambao mke wangu ameutoboa tundu katikati kwa kisu cha jikoni, na nimejiona nina nguvu ya kuandika jambo ambalo nimelikwepa katika shajara hii tangu nilipoianza. Tulitoka Tanga kuja hapa ili nipasuliwe korodani na kutafutwa ndani yake mbegu za uzazi, kwa sababu katika manii yangu hazimo.

Karatasi ya majibu niliipata nyumbani, mwaka wa sita wa ndoa yetu. Kwenye mstari wa idadi ya mbegu kwa mililita paliandikwa 0, na mtu wa maabara, labda kwa kuogopa nisije nikadhani ni kosa la wino, aliipigia mstari chini. Tulirudia kipimo baada ya wiki chache, safari hii manii yakazungushwa kwa mashine ili chochote kilichomo kizame chini ya kichupa, na mashapo yakatazamwa kwa hadubini. Sifuri tena. Mpaka hapo mke wangu alikuwa ameshapigwa picha za kizazi mara nne, ameshawekewa ile dawa ya kupima mirija iliyomfanya atapike njia nzima kurudi nyumbani, na ameshakunywa kila alichotumiwa na mama yangu: mlonge, habasoda, mvuje, asali iliyosomewa, na unga mmoja wa mizizi ambao hadi leo hatujui ni wa mti gani. Kipimo changu kilihitaji kikombe kimoja cha plastiki na chumba chenye komeo, lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia nikapime, nami sikujitolea. Dada zangu walikuwa na maneno yao kwa wifi yao, mengine ya mafumbo na mengine ya wazi, nami nilikuwa nikitoka nje kwenda kuvuta hewa.

Sikuwa sijui, na hilo ndilo lililonifanya niandike leo. Mwaka 2004, nikiwa na umri wa miaka 17 katika shule ya bweni, tuliugua matubwitubwi bweni zima. Wengine walijipaka masizi ya sufuria mashavuni, tukachekana, na wiki ikapita. Kwangu ugonjwa ulishuka: siku ya tano korodani zote mbili zilivimba na kuwa za moto, nikalala chini ya chandarua kwa siku sita nikiwa nimekunja magoti, na kwa matroni nikasema naumwa tumbo. Rafiki mmoja aliyekuwa akiniletea uji ndiye pekee aliyejua. Uvimbe ulipokwisha niliona korodani moja imekuwa ndogo, kisha na ya pili, na nikaamua, kwa busara ya mtoto wa kidato cha tatu, kwamba jambo lisilosemwa halipo. Sasa najua kwamba matubwitubwi yanayompata mvulana aliyekwisha kubalehe ndiyo huwa na hatari ya kushukia korodani, kwamba mara nyingi hushambulia upande mmoja tu na mtu akazaa kama kawaida, na kwamba wa pande zote mbili kama mimi ndio walio wachache. Chanjo ipo duniani tangu miaka ya 1960, ingawa ile tuliyoanza kuwapa watoto wetu Tanzania mwaka 2014 ni ya surua na rubella, na matubwitubwi hayamo.

Daktari wa hapa Nairobi hakuanza na mashine. Alitoa mezani uzi uliotungwa shanga kubwa 12 zenye umbo la yai, zikianzia ndogo kama punje ya njugu mawe hadi kubwa kama yai la njiwa, kila moja ikiwa na namba ya ujazo wake, kuanzia mililita 1 hadi 25. Nilidhani ni tasbihi. Alipapasa kwa mkono mmoja na kulinganisha kwa mkono mwingine, akazisogeza shanga kidoleni moja baada ya nyingine kama mtu aletaye uradi, akasimama kwenye 8 upande wa kulia na 10 upande wa kushoto. Mtu mzima hutarajiwa kuwa na kama 15 au zaidi. Kisha damu ikasema yake: homoni ya FSH, ambayo ubongo huituma kuziamrisha korodani zifanye kazi, ilikuwa juu maradufu ya kiwango cha kawaida. Daktari alieleza kwamba bosi hupandisha sauti pale mfanyakazi asipoitika.

Kwenye benchi la kusubiri nilikaa na bwana mmoja wa Mombasa, mwenye sifuri kama yangu. Nilidhani tuko chombo kimoja. Yeye aliwahi kuugua kisonono ujanani na hakutibiwa vizuri, mirija yake ikaziba kwa makovu, lakini kiwanda nyuma yake kinafanya kazi usiku na mchana. Nyuma ya korodani kuna mrija mmoja mwembamba uliojikunja, ambao ukinyooshwa hufika kama mita 6, na mbegu zake zilikuwa zimejazana humo zikisubiri njia. Alichomwa ganzi ya sehemu ile tu, sindano ikaingizwa, maji kidogo yakavutwa, na kabla sijamaliza kusoma gazeti alikuwa ameshatoka akitembea kwa kutanua miguu na kuniambia wamepata za kutosha. Sikumwonea wivu, au niseme nilimwonea kidogo. Watu wenye sifuri katika manii ni kama mmoja kwa kila wanaume 100, na daktari anayewapa wote dawa moja au bei moja kabla ya kujua nani ana mirija iliyoziba na nani ana kiwanda kilichodhoofika, huyo ni wa kukimbiwa. Mimi sikumkimbia mapema wa kwangu wa kwanza, muuza duka la dawa ambaye simtaji, aliyenidunga sindano za testosteroni kwa miezi minne ili, kama alivyosema, kuamsha kilicholala. Huyu wa Nairobi alikunja uso aliposikia. Testosteroni ya kutoka nje huuhadaa ubongo uone kazi imeshafanyika, nao huacha kuzituma korodani, na hata kile kidogo kilichokuwapo hukatika. Kwa kuwa mbegu moja huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa tangu mwanzo hadi mwisho, ilinibidi nikae miezi sita bila kitu chochote mwilini kabla ya kuzungumziwa kisu. (Vijana wa gimu wanaodungana hizo sindano wangesoma aya hii mara mbili, nisingedai senti.)

Kulikuwa pia na kipimo cha vinasaba, ambacho nilitaka kukiruka kwa sababu ya gharama. Nimefurahi kuwa nilikatazwa. Katika kromosomu Y kuna sehemu tatu, wanaziita a, b na c, ambazo hushughulika na utengenezaji wa mbegu. Mwanamume aliyekosa a au b nzima hapasuliwi, kwa sababu hakuna kitakachopatikana hata akitafutwa hadi kesho, ilhali aliyekosa c huwa bado ana matumaini. Zangu zilikuwa zote. Nikaambiwa nafasi yangu ni kama nusu kwa nusu, na kwamba wenye historia ya matubwitubwi hawako katika kundi baya.

Kabla ya kuuza kiwanja cha Pongwe kulipia haya yote, kwa kuwa bima yangu haigusi habari za kutafuta mtoto, nilikwenda kwa mjomba wangu, ambaye ni maalim wa chuo. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa kimya muda mrefu hadi akaniuliza kama nimekuja kuazima pesa. Nilipomweleza hakushtuka kama nilivyoogopa. Aliniambia kwamba tangu mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa ya kuruhusu kutungisha mimba nje ya mwili kwa sharti kwamba mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na ndoa yao iko hai. "Kisu chenyewe hakina neno," akasema, "neno ni nani anachanganywa na nani." Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: mkeo umeshamwomba radhi?

Siku ya upasuaji niliingizwa chumbani saa mbili asubuhi na kupigwa nusu kaputi, hivyo ninayosimulia hapa niliyaona baadaye kwenye kanda ya video ambayo daktari alituonyesha. Mfuko hukatwa mkato mmoja katikati, korodani hutolewa nje, na ngozi yake ngumu nyeupe hufunguliwa kwa upana kama mtu apasuavyo chungwa bila kuzitenganisha nusu zake. Ndani, chini ya hadubini inayokuza mara 20 hivi, kuna tambi. Sina neno jingine: tambi nyembamba zilizosokotana, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na kati yake mishipa ya damu mifupi kama nyuzi nyekundu. Nyingi za kwangu zilikuwa zimesinyaa, na daktari alikuwa akizipanga upande kwa koleo ndogo, mstari kwa mstari, akitafuta zilizonenepa na kufifia uangavu, kwa kuwa humo ndimo mbegu huenda zikawa zinatengenezwa. Akiipata moja hukata kipande kidogo kuliko punje ya mchele na kukipitisha kwenye kidirisha cha maabara, ambako mtaalamu hukichanachana na kukitazama. Zamani walikuwa wakikata minofu kwa kubahatisha. Njia hii ya kutafuta kwa hadubini ilitangazwa na Peter Schlegel wa New York mwaka 1999, na faida yake, mbali na kupata zaidi, ni kwamba humwachia mtu nyama yake na mishipa yake ya damu.

Kulia walitafuta kwa muda wa karibu saa mbili. Muuguzi alitoka akamwambia mke wangu, aliyekuwa kwenye korido na chupa ya uji ambao hakuna aliyeunywa, kwamba kulia hakuna kitu na wamehamia kushoto. Anasema alianza kuhesabu vigae vya sakafuni, akafika 212, akarudia. Saa tano na nusu, kutoka kwenye kona ya juu ya korodani ya kushoto, mahali padogo kuliko ukucha, zilipatikana mbegu. Mtaalamu alizihesabu 23, na kati yake 9 zilikuwa zikitikisa mkia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja jumla ya milioni 39 kwa utoaji mmoja wa manii kuwa ndiyo mpaka wa chini, na mimi hapa nimelia mbele ya wauguzi kwa ajili ya 23. Hesabu ilibadilika mwaka 1992, Gianpiero Palermo na wenzake wa Brussels walipotangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja moja ndani ya yai kwa sindano ya kioo. Kabla ya hapo mbegu 23 zingekuwa sawa na bure.

Zimegandishwa katika vijiti vitatu ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Si zote zitakazoamka zikiyeyushwa. Mwezi ujao mke wangu ataanza sindano za kukuza mayai, kila siku kwa kiasi cha siku kumi, kisha ni yeye atakayelala kwenye kitanda kile. Na mayai yakipatikana, na yakitunga, na kiinitete kikishika, ndipo tutakapozungumza. Mimi nitapimwa testosteroni baada ya miezi michache, maana baada ya upasuaji huu huweza kushuka, na kama ikibidi kurudia kisu si kabla ya miezi sita.

Nilimwomba radhi usiku wa tatu, barafu ikiwa mapajani na binamu akiangalia mpira sebuleni kwa sauti kubwa. Nilimsimulia habari za bweni, za chandarua, na za uongo kwa matroni. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema angependa kujua hayo kabla ya kipimo cha mirija, akainuka kubadilisha barafu, na siku mbili zilizofuata alizungumza nami kuhusu dawa na chakula tu. Nilistahili zaidi ya hizo mbili.

Nyumbani wote wanaamini kwamba tumemleta yeye kutibiwa. Jana jioni mama alipiga simu, nikamwamkia, na baada ya salamu akauliza kama mgonjwa anaendeleaje na kama daktari ameona tatizo lake. Nikamwambia, mama, aliyepasuliwa ni mimi, tatizo ni langu tangu shule, na yeye hakuwahi kuwa nalo. Nilisikia jogoo wa jirani yetu wa Tanga akiwika kwenye simu, jogoo asiyejua saa. Kisha mama akasema, "Mpe simu mwanangu," na haikuwa mimi aliyekusudiwa.

Mke wangu alitoka nayo hadi getini na kukaa huko hadi giza likaingia. Aliporudi nilimuuliza walichozungumza. Alisema mama alikuwa akizitaja dawa zote alizowahi kumtumia, moja moja kwa majina, na baada ya kila moja akimwomba radhi. Walikuwa wamefika kwenye mvuje, salio likakatika.