Nilivyoielewa hatua ya 55 ya Ding Liren

Hakuna mchezo wa chesi ulionisumbua kama ule uliompokonya Ding Liren ubingwa wa dunia. Ilikuwa Singapore, tarehe 12 Desemba 2024, mchezo wa 14 na wa mwisho, pointi zikiwa 6.5 kwa 6.5. Sisi huku Malaba tuliufuatilia kwenye simu, alasiri. Kila upande ulikuwa umebaki na ngome na askofu. Mpinzani wake, Gukesh wa India, aliyecheza na kete nyeusi, alikuwa na askari wawili; Ding, mwenye nyeupe, mmoja. Tulishaihesabu kuwa sare. Mara, katika hatua ya 55, Ding akaipeleka ngome kwenye mraba wa f2 (miraba ya ubao hutajwa kwa herufi na namba), na hatua tatu baadaye akasalimu amri.

Programu ya simu ilisema papo hapo kwamba hatua hiyo ni mbovu. Vijana ninaowafundisha wakaangua kicheko, na mimi kicheko kile kilinikera. Mtu aliyemshinda Mrusi Nepomniachtchi kule Astana mwaka 2023 na kutwaa ubingwa wa dunia si wa kuchekwa na sisi. Isitoshe, programu ilikuwa imetoa hukumu tu, haikueleza chochote. Nikawaambia wazime simu, tupange kete ubaoni.

Swali la kwanza nililowapa: Ding alitaka nini? Hapo ndipo kazi ilipokuwa, na tulikaa nalo muda mrefu. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, alitaka ngome zitoke." Naam! Ukiwa nyuma kwa askari mmoja na kete zimebaki chache, mara nyingine kuzipunguza zaidi kunaisogeza sare. Hata mimi nawafundisha hivyo. Kumbe hatua ile ilikuwa na akili ndani yake, na ilifuata kanuni ambayo mara nyingine inaokoa.

Basi tukabadilishana ngome. Ngome ya mweusi ikala f2, mfalme mweupe naye akaila. Kisha askofu wa Gukesh akaja d5, akilindwa na mfalme wake aliyekuwa e5. Askofu wa Ding yuko a8, pembeni kabisa mwa ubao, na mshazari wake pekee ni ule ule unaopita d5. Akienda b7, analiwa. Akienda c6, analiwa. Akibaki, analiwa. Apende asipende, maaskofu nao wanatoka.

Ili kuhakikisha, nilimtoa askofu mweupe a8 nikamweka nje ya mshazari ule, kila kitu kingine kikabaki vilevile. Tukacheza tena. Safari hii askofu mweusi alipofika d5 hakumshika mtu, na waliocheza na kete nyeusi walihangaika bila kushinda. Kwa hiyo kosa halikuwa kubadilishana ngome. Kosa lilikuwa kubadilishana ngome askofu akiwa kwenye kona ile. Kwangu hilo lina thamani kuliko alama zote za kuuliza, zile za kuonyesha hatua mbovu, ambazo programu ingeweza kuniwekea.

Walipobaki wafalme na askari tu, hapakuwa na ubishi. Mfalme mweupe e3, mweusi e5, wanatazamana, zamu ni ya mweupe. Lazima apishe, na mweusi anashinda.

Baadaye nikawaambia alichoeleza Gukesh mwenyewe: naye hakuiona nafasi ile mara moja, alikaribia kuisogeza ngome yake kwingine, ndipo akagundua kwamba askofu wa mwenzake amenaswa. Kijana wa miaka 18, mbele ya meza ile ile, alihitaji kutazama mara ya pili. Hapo kicheko kikaisha chenyewe, wakaanza kuuliza maswali ya maana.

Sasa tuko kwenye mchezo wa pili wa Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, na Deep Blue, kompyuta ya IBM, New York, 1997. Kasparov alisalimu amri katika hatua ya 45, na baadaye wachambuzi wakasema sare ilikuwa bado inatafutika: malkia mweusi kwenda e3, kisha kumsumbua mfalme kwa shahi (kumshambulia moja kwa moja) zisizokwisha. Simu zimezimwa, na swali ni lile lile: aliamini nini hadi akaacha kutafuta?